Mzee ana Parkinson: badala ya kumnyanyua, msaidie apate nguvu za kuinuka

Ukiingia nyumba nyingi za watu wetu hapa Maskati, iwe Mabela, iwe Al Khoudh au Ruwi, utaona namna mzee mgonjwa anavyotunzwa. Maji analetewa pale pale alipokaa. Viatu anavishwa. Akitaka kwenda msalani, kabla hajajikusanya ainuke, watoto wawili wameshamshika huku na huku. "Baba, wewe kaa tu, usijichoshe." Ndivyo tulivyolelewa, na hakuna wa kutulaumu kwa kuwaheshimu wazee wetu.

Lakini kama mzee huyo ana ugonjwa wa Parkinson, huruma hiyo ina gharama yake, na anayeilipa ni yeye. Kila anaponyanyuliwa badala ya kuinuka, miguu inakosa kazi. Wiki zikipita misuli inapungua. Miezi ikipita, kiti alichokuwa akiinuka mwenyewe kinamshinda. Halafu sisi tunasema, "Maradhi yamezidi." Kweli maradhi huzidi, lakini sehemu ya udhaifu ule haikuletwa na maradhi. Imeletwa na kukaa.

Siku hizi wataalamu wa Parkinson wanashauri jambo ambalo wengi wetu tukilisikia mara ya kwanza tunashtuka: mgonjwa huyu anahitaji kunyanyua vitu vizito. Kutembea ni kuzuri na kunyoosha viungo ni kuzuri, lakini havitoshi. Anahitaji mazoezi ya nguvu hasa, mara mbili au tatu kwa wiki, na uzito uwe unaongezwa kidogo kidogo. Tutaeleza hapa kwa nini, ayafanye vipi kwa usalama, na sisi wa nyumbani kazi yetu ni ipi.

Maradhi yenyewe ni yepi

Waarabu wanayaita shalal ra'ash, yaani kupooza kwa kutetemeka. Jina hilo linafanana na lile alilotumia daktari wa London, James Parkinson, alipoyaeleza katika kitabu chake kidogo mwaka 1817. Jina lenyewe linapotosha kidogo, maana mgonjwa hapoozi, na tena wapo wasiotetemeka kabisa.

Kinachotokea ni hivi. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe hai zinazotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Hiyo ndiyo inayousaidia ubongo kuuamrisha mwili: nyanyua mguu, geuka, funga kifungo cha dishdasha. Chembe zile zinapokufa taratibu, amri zinatoka dhaifu na zinachelewa. Mwili unakuwa mzito na mkavu. Hatua zinafupika. Mkono mmoja hauchezi wakati wa kutembea. Uso hauonyeshi furaha hata kama moyo umefurahi. Mwandiko unakuwa mdogo, sauti inashuka. Wengine, miaka kabla ya hayo, walikuwa wameshapoteza uwezo wa kunusa, hata harufu ya udi hawaisikii, au wakipiga mateke na kupiga kelele usingizini, au choo kikawa kigumu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na Parkinson. Kwetu Afrika Mashariki wengi hawajulikani. Watafiti waliowatafuta wagonjwa katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, na kutoa matokeo yao mwaka 2008, walikuta kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakuwahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huu. Hata katika familia zetu, mara nyingi hali hiyo huitwa uzee tu, ikaachwa hivyo hivyo.

Dawa kubwa mpaka leo ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Inasaidia sana, na hakuna mazoezi ya kuchukua nafasi yake. Lakini kidonge hakijengi misuli. Kidonge kinaufungua mwili. Kuujenga ni kazi nyingine.

Wezi wawili wa nguvu

Mwenye Parkinson anaibiwa nguvu na wezi wawili kwa pamoja.

Wa kwanza ni maradhi yenyewe. Kwa kuwa amri ya ubongo ni dhaifu na imechelewa, misuli haipati kuitikia kwa haraka na kwa pamoja. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa na mapaja yenye nyama, na bado akashindwa kuinuka kwenye kochi laini la sebuleni. Kuinuka kunataka nguvu ya ghafla, na hiyo ndiyo inayokosekana kwanza.

Wa pili ni kiti. Mtu akiona kutembea kuna tabu, anapunguza kutembea. Akianguka mara moja, anaogopa, anapunguza zaidi. Watoto nao wanaogopa kuliko yeye. Misuli isiyotumika hupungua, kwa kijana na kwa mzee, kwa mgonjwa na kwa mzima. Misuli ikipungua kutembea kunazidi kuwa na tabu, na anakaa zaidi. Duara linajifunga.

Mwizi wa kwanza bado hatuna uwezo wa kumfunga. Wa pili tunao. Na kinachomfukuza hakina siri: ni misuli kupewa kazi nzito kidogo kuliko ile iliyozoea, kupumzishwa, kisha kupewa tena.

Walichokiona Chicago

Utafiti mmoja unaotajwa sana katika jambo hili ulifanyika Chicago, Marekani, ukiongozwa na Profesa Daniel Corcos, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 48 wa Parkinson waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza walinyanyua uzito, na kila walipopata nguvu uzito uliongezwa. Kundi la pili walifanya mazoezi ambayo hupewa wagonjwa wengi: kunyoosha viungo, kujifunza kusimama bila kuyumba, kupumua, na mazoezi mepesi ya misuli yasiyoongezwa uzito. Wote walifanya mara mbili kwa wiki, kwa miaka miwili.

Miezi sita ya kwanza, makundi yote mawili yalipata nafuu. Ungewatizama wakati ule ungesema basi, mazoezi yoyote yanatosha. Lakini baada ya miaka miwili hadithi ilikuwa nyingine. Kundi la pili walikuwa wamerudi pale walipoanzia. Kundi la uzito walikuwa bado wana hali nzuri kuliko siku ya kwanza. Walipimwa wakiwa hawajanywa dawa tangu jana yake, ili ionekane hali halisi ya mwili, na katika kipimo ambacho madaktari hukitumia kuhesabu dalili za Parkinson tofauti baina ya makundi ilifika pointi 7.3.

Kwa maradhi ambayo desturi yake ni kushuka mwaka hadi mwaka, mtu kuwa bora baada ya miaka miwili si jambo dogo.

Tuwe wakweli hapa. Watu 48 ni wachache, na haijathibitishwa kwamba kunyanyua uzito kunazuia chembe za ubongo zisife. Anayekuuzia mazoezi kama tiba ya kumaliza Parkinson anakudanganya, kama anayekuuzia mafuta au mizizi. Kilichoonekana ni kwamba mgonjwa anasogea vizuri zaidi, ana nguvu zaidi, na nafuu hiyo inaweza kubaki kwa muda mrefu kama mazoezi hayaachwi na uzito hausimami pale pale.

Wala uzito peke yake hautoshi. Huko Oregon, Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka 2012, wagonjwa 195 waligawanywa makundi matatu: wa tai chi, yaani mazoezi ya Kichina ya kusogea polepole, wa uzito, na wa kunyoosha viungo. Katika kusimama imara bila kuyumba, wa tai chi ndio waliofanya vizuri kuliko wote. Na huko Uholanzi, utafiti uliotolewa mwaka 2019 uliwapa wagonjwa baiskeli za kusimama nyumbani mwao. Walioendesha kwa bidii mara tatu kwa wiki walikuwa na dalili nafuu baada ya miezi sita kuliko walionyoosha viungo tu. Mwili unataka vyote: nguvu, pumzi, kusimama imara na kunyooka.

Kipimo chake

Mwaka 2021 taasisi ya Parkinson's Foundation ya Marekani na chuo cha madaktari wa michezo cha huko huko walitoa mwongozo mfupi ambao familia yoyote inaweza kuubandika kwenye friji:

Mazoezi ya pumzi, kama kutembea kwa kasi au baiskeli: angalau siku 3 kwa wiki, dakika 30 au zaidi.

Mazoezi ya nguvu: siku 2 hadi 3 kwa wiki, zisifuatane, dakika 30 au zaidi, kila zoezi mara 10 hadi 15, kwa misuli mikubwa ya miguu, mgongo, kifua na mikono.

Mazoezi ya kusimama imara na kubadili mwendo: siku 2 hadi 3 kwa wiki, na kila siku ikiwezekana.

Kunyoosha viungo: siku 2 hadi 3 au zaidi, na kila siku ndiyo bora.

Usitishike na orodha. Siku hazifuatani kwa sababu misuli inajijenga inapopumzika. Jumamosi na Jumanne zinatosha kuanzia. Siku za katikati ni za kutembea.

Kabla ya kuanza

Muone daktari kwanza, hasa kama mzee ana moyo, presha, kisukari, mifupa myepesi au aliwahi kuanguka. Hapa Omani hospitali kubwa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, zina madaktari wa mishipa ya fahamu. Muombe daktari akuandikie barua ya kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Ombeni wazi, msisubiri mpaelekezwe. Hata vikao viwili vitatu vya kuonyeshwa namna ya kukaa na kuinuka vinaokoa mengi.

Mambo manne myashike:

Wakati wa dawa. Mazoezi yafanyike dawa ikiwa imeshaingia, kwa wengi ni kama saa moja baada ya kidonge. Kumfanyisha mtu mazoezi mwili ukiwa umefunga ni kumtesa bure, na ni hatari ya kuanguka.

Presha. Parkinson na dawa zake huweza kuishusha presha mtu anaposimama. Akiinuka kitandani akae kwanza ukingoni, ahesabu taratibu, ndipo asimame. Akiona kizunguzungu akae mara moja.

Pumzi. Asizuie pumzi anaponyanyua. Ahesabu kwa sauti kubwa, "moja, mbili, tatu." Pumzi itatoka yenyewe, na sauti iliyoshuka nayo itapata kazi yake.

Kuacha. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, kizunguzungu kisichoisha au maumivu makali ya kiungo: simamisha, pigia daktari. Misuli kuuma kidogo siku ya pili si tatizo.

Mazoezi sita ya nyumbani

Jimu si lazima. Kiti imara, ukuta, ngazi na vitu vya jikoni vinatosha kuanzia. Mtu mmoja akae karibu, lakini asimshike mpaka ahitajike.

1. Kuinuka na kukaa. Hili ndilo zoezi mama. Kiti kigumu kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Mzee asogee mbele ya kiti, arudishe miguu nyuma kidogo chini ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha ainuke kwa haraka. Kukaa kuwe polepole, asijitupe. Wengi wanashindwa kuinuka kwa sababu wanajivuta wakiwa wameegemea nyuma. Kuinama mbele ndiyo siri yenyewe. Kama kiti ni kifupi, weka mto juu yake, na baadaye uuondoe.

2. Kusukuma ukuta. Asimame hatua moja kutoka ukutani, viganja ukutani usawa wa kifua, akunje viwiko asogee karibu, kisha asukume kurudi. Akizoea, ahamie kwenye meza nzito isiyoteleza.

3. Kuvuta mpira. Mpira wa mazoezi unauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya michezo. Ufungwe kwenye kitu kisichotoka, mzee akae kitini auvute kwake, viwiko vikirudi nyuma na mabega yakikutana. Parkinson huupinda mgongo mbele. Zoezi hili linaamsha misuli inayounyoosha.

4. Kunyanyua visigino. Ashike meza ya jikoni, apande juu ya ncha za vidole, asite kidogo, ashuke polepole. Hii ndiyo misuli inayomsukuma mtu mbele anapotembea.

5. Kupanda kidato. Kidato cha chini cha ngazi, mkono mmoja kwenye reli. Mguu wa kulia upande, wa kushoto ufuate, ashuke. Mara zote kulia kwanza, kisha mara zote kushoto.

6. Kunyanyua nyonga. Alale chali kitandani, magoti yamekunjwa, anyanyue nyonga juu, ashushe. Mwenye Parkinson hupata tabu sana kugeuka usiku. Nguvu hii ndiyo itakayomgeuza bila kumuamsha mtu.

Wiki ya kwanza, mara 5 au 6 kila zoezi zinatosha. Halafu 8, halafu 10.

Kuongeza ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Mzee anapewa chupa mbili ndogo za maji azinyanyue, na mwaka mzima ni chupa zile zile. Hayo ni yale mazoezi ya kundi la pili la Chicago: yanasaidia mwanzo, kisha yanasimama.

Kanuni ni nyepesi. Zile mara mbili tatu za mwisho lazima ziwe ngumu. Akimaliza aone kwamba angeweza kuongeza mbili au tatu tu, basi. Kama anafika 15 huku anapiga soga, uzito umeshakuwa mwepesi. Ongeza.

Vya kuongezea vimo ndani. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ina kilo moja na nusu. Mfuko wa mchele wa kilo 2 akiukumbatia kifuani wakati wa kuinuka, zoezi limebadilika. Baadaye mfuko wa kilo 5, kama daktari na mtaalamu wa viungo hawana pingamizi. Ukitaka vyuma vyenyewe, nunua vya kilo 1, 2 na 3. Anza chini, panda taratibu. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni paja la mzee wako.

Kuna na jambo la kasi. Kwa kuwa Parkinson inapunguza kasi ya misuli, wataalamu wanapenda mgonjwa anyanyue kwa haraka na ashushe taratibu. Asikurupuke, ila awe na nia: juu, upesi! Chini, pole pole.

Kina mama wasisahaulike

Ukizungumza habari ya vyuma, watu wanafikiri vijana wa kiume na vioo vya jimu. Mama zetu wanabaki nje, na wao wana sababu kubwa zaidi ya kunyanyua, maana baada ya kukoma hedhi mifupa yao hupungua uzito, na mwenye Parkinson huanguka. Mfupa mwepesi na kuanguka vikikutana, nyonga inavunjika, na wengi wakivunjika nyonga hawarudi kutembea kama zamani.

Mama asiyetaka kutoka, mazoezi sita ya juu yote yanafanyika chumbani mlango umefungwa. Anayetaka kutoka, ziko jimu za wanawake peke yao, na kwenye baadhi ya nyingine kuna saa za wanawake. Binti au mkwe akifanya naye, kazi inakuwa mazungumzo, na binti naye anajenga mifupa yake mapema.

Joto, chakula na Ramadhani

Kiangazi chetu si cha kutembea nje mchana. Tembeeni alfajiri, au ndani ya mol, ambako sakafu ni sawa na viti vya kupumzikia vipo. Maji ya kutosha ni lazima, kwa sababu upungufu wa maji unaishusha presha na kuzidisha ugumu wa choo.

Misuli inajengwa na protini: nyama, samaki, mayai, dengu, maziwa. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa protini nyingi ikikutana na levodopa tumboni inaizuia dawa isifanye kazi vizuri. Ndiyo maana kidonge mara nyingi hunywewa kama nusu saa kabla ya kula au saa moja baadaye. Msimkatie mzee nyama kwa kusikia habari hii. Muulizeni daktari namna ya kupanga saa za dawa na chakula. Mwenye Parkinson akikonda ovyo, mazoezi hayatakuwa na cha kujenga.

Ramadhani inataka mazungumzo na daktari mapema, wiki kadhaa kabla. Levodopa hunywewa mara nyingi kwa siku, na kuikatisha ghafla ni hatari kubwa, inaweza kumlaza mtu hospitalini. Mzee akishikilia kufunga, akae na daktari na sheikh wake pamoja, asijiamulie. Aliyeruhusiwa kufunga afanye mazoezi yake usiku baada ya futari, dawa ikishaingia, na yawe mafupi. Kupunguza mwezi mmoja si kosa. Kosa ni Shawwal ikaingia na kutoka hajarudi.

Kazi ya familia

Kazi ya kwanza ya familia ni kungoja. Mzee akitaka kuinuka, ngoja. Hesabu kimya kimya mpaka 10. Anachelewa kwa sababu amri inachelewa, si kwa sababu hawezi. Ukimrukia kila mara, unamfundisha mwili wake kwamba hauhitajiki.

Shaghala naye aelezwe. Amezoea kwamba kazi yake ni kufanya kila kitu, na anaogopa mzee akianguka yeye ndiye atakayeulizwa. Muonyesheni yale mazoezi, mwambieni wazi ni lini amsaidie na ni lini amwache. Akishaelewa, huyu ndiye atakayekuwa mwalimu wa kila siku, maana ndiye aliye nyumbani saa zote.

Nyumba nayo itengenezwe. Mazulia madogo yanayoteleza yaondolewe. Ndara zilizolegea zibadilishwe na viatu vinavyoshika kisigino. Taa ya usiku iwepo baina ya kitanda na msala. Chooni pawekwe chuma cha kushikia.

Mzee akiganda mlangoni, miguu imenasa kama imepigwa gundi, usimvute. Kumvuta ndiko kunakomwangusha. Mwambie asimame, apumue, ahamishe uzito mguu mmoja hadi mwingine, kisha ahesabu "moja, mbili" na apige hatua moja kubwa, kama anaruka mstari. Na anapotembea msimuulize maswali. Kutembea na kujibu kwa pamoja ni kazi mbili kwa ubongo wake.

Kama alikuwa akisali kwa kusujudu chini na sasa hawezi kuinuka, asali kitini bila unyonge. Lakini mtaalamu wa viungo anaweza kumfundisha namna ya kushuka na kuinuka kwa goti moja huku ameshika kiti. Wapo wazee ambao lengo hilo moja, kurudi kusujudu chini, linawafanyisha mazoezi kuliko maneno yote ya daktari.

Walio mbali na wazee wao

Wengi wetu mzee yuko Unguja, Pemba au Mombasa, na sisi tuko huku. Mtaalamu wa viungo huko anaweza kuwa mbali, lakini kiti na ukuta vipo kila nyumba, na chupa ikijazwa mchanga ni uzito tosha. Pesa ya dawa mnayotuma ni muhimu, na dawa isikatike. Ongezeni simu ya video mara mbili kwa wiki, saa ile ile, mfanye mazoezi pamoja: wewe Maskati au Dubai, yeye kwenye baraza lake. Mjukuu ahesabu.

Walioko Uingereza wakumbuke kwamba mwongozo rasmi wa huko unataka mwenye Parkinson aliyeanza kuyumba au kupata tabu ya kusogea apewe tiba ya viungo maalumu kwa ugonjwa huu. Ulizeni kwa daktari wenu wa mtaa. Shirika la Parkinson's UK nalo husaidia wagonjwa na familia zao.

Mnapoanza, fanyeni kipimo kimoja chepesi. Mzee akae kwenye kile kiti kigumu, mikono ameikunja kifuani, na mtu mmoja awe pembeni. Shika saa. Kwa nusu dakika anaweza kuinuka na kukaa mara ngapi? Asipoweza bila mikono, atumie mikono, na muandike hivyo. Tarehe na hesabu ziandikwe kwenye karatasi, zibandikwe ukutani. Baada ya wiki 8 mpime tena, kiti kile kile, saa ile ile baada ya dawa. Kama ilikuwa mara 4 na sasa ni 7, mzee ataiona mwenyewe, na hamtakuwa na haja ya kumbembeleza. Kama haikupanda, msikate tamaa: rudini kwa mtaalamu na karatasi yenu, mumuulize kama uzito ulikuwa mdogo, au dawa inataka kurekebishwa.